Kilima kimoja, njia nne: kuchagua namna ya kuishi na msitu na maji Nyanda za Juu Kusini

Vijiji vingi vya Kilolo, Mufindi, Njombe na Rungwe vina kilima kinachofanana na chetu. Juu kabisa ni uwanda wa nyasi unaopigwa na upepo mwaka mzima. Kwenye mkunjo wa kilima kumesalia kipande cha msitu wa asili chenye mivengi, mikuyu na miti mingine ambayo vijana wengi hawaijui tena kwa majina. Chini ya msitu huo hutoka chemchemi, na chini ya chemchemi kuna vinyungu, yale matuta ya bondeni yanayolimwa wakati wa kiangazi, ambako mahindi mabichi, maharage na mboga hupatikana mwezi wa Oktoba wakati vihenge vimekwisha kuwa vitupu. Siku hufika ambapo mkutano mkuu wa kijiji huitishwa ili uamue kilima hicho kitumiweje, na uamuzi huo, ukishaandikwa kwenye muhtasari na kupigwa muhuri, huwa mgumu sana kuufuta.

Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya maliasili siku hiyo ilipotufikia sisi. Yalitolewa mapendekezo manne. Mmoja alitaka kilima kifungwe kabisa, asiingie mtu wala ng'ombe. Wa pili alitaka uwanda wote upandwe mipaina ili kijiji kipate mbao za kuuza. Mzee mmoja alisema kilima kina wenyewe, nao si sisi tuliokaa pale mkutanoni, na kwamba kazi yetu ni kufuata miiko iliyokuwapo. Wa nne alitaka kijiji kikitangaze kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, kijitungie sheria ndogo na kujisimamia. Wakati ule niliyasikia kama mapendekezo ya matumizi ya ardhi tu, lakini baadaye nilitambua kwamba kila msemaji alikuwa na jibu lake kwa swali ambalo wanafalsafa wa mazingira wamekuwa wakilijadili kwa zaidi ya karne moja: asili ina thamani kwa sababu gani, na nani ana haki ya kusema kwa niaba yake?

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayesubiri mkutano kama ule. Kabla ya kuingia ndani ningependa msomaji aweke swali moja moyoni, kwa sababu nitalirudia katika kila njia: ni nani atakayeambiwa aondoke? Kila namna ya kutunza kilima ina mtu inayemweka nje ya mpaka, na mara nyingi mtu huyo hayumo mkutanoni, au yumo lakini hajapewa nafasi ya kusema.

Kufunga kilima

Wanaotaka kilima kifungwe wanasimama juu ya hoja nzito, na sipendi kuiona ikidharauliwa. Mwanafalsafa wa Norway, Arne Naess, mwaka 1973 alitofautisha aina mbili za harakati za mazingira. Ya kwanza, ambayo aliiona kuwa ya juujuu, hupigana na uchafuzi na upungufu wa rasilimali ili watu wa nchi tajiri waendelee kuwa na afya na neema. Ya pili, ya kina, husema kwamba kila kilicho hai kina haki ya kuishi na kustawi bila kwanza kuulizwa kinamfaa nini binadamu. Naess alikuwa mpanda milima, na hakuishia kwenye maandishi, kwani mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa watu walioondolewa na polisi walipokuwa wakipinga maporomoko ya Mardalsfossen yasigeuzwe kuwa umeme.

Huku kwetu hoja hiyo ina ushahidi wenye manyoya na mkia. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe walimwona nyani mwenye manyoya marefu ambaye sayansi haikuwa imemwandika, na mwaka 2005 akatangazwa rasmi. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba hakuwa spishi mpya tu, bali alistahili jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Anaishi katika misitu ya Rungwe na Livingstone, pamoja na kipande kidogo cha msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa, na haonekani kwingineko duniani. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimwita kipunji kabla mtafiti yeyote hajafika, na ni kwa kulifuatilia jina hilo ndipo watafiti walipomfikia. Kipunji hana bei sokoni. Kama thamani ya msitu ingepimwa kwa mbao na mkaa peke yake, asingehesabiwa popote, na angetoweka bila hata kuandikwa kwamba aliwahi kuwapo.

Uwanda wa Kitulo, huko Makete, ni mfano wa pili. Wenyeji waliuita Bustani ya Mungu, na anayeufika wakati wa mvua, maua yakiwa yamefunguka toka ukingo hadi ukingo, haulizi jina hilo lilitoka wapi. Uwanda huo una takribani spishi 350 za mimea, na okidi peke yake ni 45. Biashara ya viazi vya okidi vinavyopelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda ilikuwa ikiula uwanda huo kwa mamilioni ya viazi kila mwaka, na okidi iliyong'olewa kiazi haichipui tena. Mwaka 2005 Kitulo ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, eneo la kilomita za mraba zipatazo 413, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Kufunga pale kulikuwa sahihi, na nasema hivyo bila kusitasita, kwa sababu kilichokuwa kikiondolewa hakirudi, na aliyefaidika zaidi ni mfanyabiashara wa mbali kuliko mchimbaji aliyepiga magoti kwenye baridi ya Makete.

Hata hivyo njia hiyo ina uso mwingine, na watu wa Mbarali, wilaya iliyo katika bonde la Usangu, wanaujua. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka katika sehemu yake ya chini wakati wa kiangazi kuanzia mwaka 1993. Ng'ombe walionekana kirahisi zaidi kuliko mifereji ya umwagiliaji, kwa hiyo lawama zikawaelekea wafugaji, na mwaka 2006 na 2007 maelfu yao walihamishwa kutoka Usangu pamoja na mifugo yao, wengi wakapelekwa Lindi na Pwani. Mwaka 2008 Usangu na oevu la Ihefu viliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watafiti wa maji waliolichunguza bonde hilo walikuwa wameonyesha kwamba uchepushaji wa maji ya kiangazi kwenda kwenye mashamba ya mpunga, yakiwamo yale makubwa yaliyoanzishwa na serikali, ulikuwa na sehemu kubwa katika kukauka kwa mto. Aliyeondolewa hakuwa yeye peke yake aliyeutumia mto. Alikuwa yule ambaye kumwondoa kulionekana kuwa rahisi.

Mwanahistoria wa India, Ramachandra Guha, aliandika mwaka 1989 kwamba fikra ya pori lisilo na mtu ilizaliwa Marekani, na kwamba ikipelekwa katika nchi zenye wakulima wengi inaweza kugeuka kuwa njia ya kuwanyang'anya maskini ardhi na kuwapa watalii. Mimi naongeza kwamba fikra hiyo hutufanya tuamini kuwa pori lilikuwa tupu kabla hatujalifunga, ilhali uwanda wa nyasi uliopo juu ya kijiji chetu umedumu kuwa wa nyasi kwa sababu watu na mifugo wameishi nao kwa vizazi vingi.

Kupanda mipaina

Hoja ya pili ina baba wa Kimarekani pia. Gifford Pinchot, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya misitu ya Marekani iliyoundwa mwaka 1905, aliamini kwamba msitu upo kwa ajili ya watu, na kazi ya serikali ni kuhakikisha kwamba manufaa yake yanawafikia wengi kwa muda mrefu. Mpinzani wake, John Muir, aliuona mlima kuwa hekalu. Walipambana juu ya bonde la Hetch Hetchy, lililomo ndani ya Hifadhi ya Yosemite, ambalo jiji la San Francisco lilitaka kulijaza maji. Mwaka 1913 bunge likaidhinisha bwawa, na Muir akafariki mwaka uliofuata. Vitabu vingi huueleza ugomvi huo kama chaguo kati ya pande mbili tu. Wamiwok, wenyeji wa asili waliokuwa wakilitumia bonde lile kabla ya Muir na Pinchot kuzaliwa, hawakuwa upande wowote wa meza.

Falsafa ya Pinchot inaonekana kwa macho kwetu kila siku. Shamba la miti la Sao Hill huko Mufindi ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na Njombe imekuwa na miwati ya kampuni, miti ambayo maganda yake husindikia ngozi, tangu mwaka 1949. Mipaina na mikaratusi imejenga nyumba za bati, imelipa ada, imenunua bodaboda na imewapa vijana kazi ya kubeba magogo na kuendesha mashine za dingdong zinazopasua mbao hukohuko shambani. Mtu asiyetambua hayo hajaishi hapa. Mjumbe aliyependekeza mipaina alisomesha watoto watatu kwa ekari nne za miti, na alipozungumza kila mtu alimsikiliza, nami nikiwamo.

Lakini kuna mambo matatu ambayo kijiji kinapaswa kuyapima kabla ya kuweka mche wa kwanza kwenye uwanda wa juu. La kwanza ni maji. Mti unaokua haraka hunywa kwa kiasi kinachoendana na kukua kwake, na ukichukua nafasi ya nyasi fupi ambazo hukauka na kulala wakati wa kiangazi, utaendelea kunywa miezi ambayo nyasi zingekuwa zimepumzika. Afrika Kusini ilipima mito midogo iliyopandwa mipaina na mikaratusi kwa miongo mingi, na matokeo yalikuwa ya wazi kiasi kwamba sheria ya maji ya nchi hiyo ya mwaka 1998 inayataja mashamba ya miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza mtiririko wa maji. Mtu anayesema kwamba kupanda miti huleta maji lazima aulizwe ni miti gani na inapandwa wapi, kwa sababu mvengi kandokando ya chemchemi na mkaratusi juu ya chemchemi ni vitu viwili tofauti kabisa.

La pili ni neno lenyewe tunalolitumia. Katika mkutano wetu uwanda wa juu ulitajwa mara nyingi kuwa ni eneo tupu. Nilipanda huko wiki iliyofuata nikiwa na daftari. Asubuhi ile nyasi zilikuwa zimelowa hadi magotini, ardhi chini yake ilikuwa nyeusi na laini kama sifongo, na nilipochimba kwa kijiti kwa urefu wa kidole tu maji yalijikusanya ndani ya tundu. Kulikuwa na vinyesi vya wanyama wadogo, na alama za akina mama waliokata nyasi za kuezekea. Mahali pale palikuwa pakifanya kazi ya kuhifadhi mvua kwa ajili ya bonde, nasi tulikuwa tukipaita patupu kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kupakia kwenye lori.

La tatu ni nani anayeweza kusubiri. Mashamba ya serikali huvuna mpaina ukiwa na miaka 18 hadi 25, lakini mkulima mdogo mwenye mgonjwa hospitalini huuza miti ikiwa na miaka minane au kumi kwa bei anayoitaka mnunuzi, na wengine huuza ardhi yenyewe kwa mtu wa mjini kisha wakarudi kuwa vibarua juu yake. Moto wa mwezi wa Septemba ukipita pasipo njia za kuzuia moto, aliyewekeza kila kitu hapotezi zao la mwaka mmoja tu bali la miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo, kwa njia hii anayewekwa nje ya mpaka haambiwi aondoke kwa amri. Huondoka mwenyewe kidogokidogo, akiwa na hela mkononi ambayo haidumu.

Miiko ya wazee

Njia ya tatu nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu si yangu kuieleza yote. Nyanda za Juu zimejaa misitu iliyolindwa na heshima tu: Lubaga, kichaka kitakatifu cha Lwembe, mtawala mtakatifu wa kale, katika nchi ya Wanyakyusa, na Nyumbanitu huko Njombe, ambako Wabena wamefanya matambiko kwa vizazi, ni miongoni mwa inayojulikana zaidi. Haikuhitaji mgambo wala risiti. Mtazamo uliomo ndani yake unatofautiana na wa Naess na wa Pinchot kwa pamoja, kwani msitu hauna thamani kwa sababu ya mbao zake, wala kwa sababu ya kuwa pori lisiloguswa na mtu. Una thamani kwa sababu ni makazi ya watu wetu waliotangulia, na sisi tulio hai ni wageni wanaopaswa kubisha hodi.

Naiheshimu njia hii kuliko ninavyoweza kuandika, lakini siwezi kushauri kijiji kiitegemee peke yake. Miiko hushika pale ambapo wote wanaiamini, na vijiji vyetu sasa vina madhehebu mengi, wahamiaji wengi na vijana waliokulia mjini. Tena miiko mingine ilimzuia mwanamke kuukaribia msitu ambao maji yake yeye ndiye ayachotaye. Kinachowezekana, na baadhi ya vijiji vimefanya, ni kuliingiza eneo la tambiko katika sheria ndogo kama sehemu isiyokatwa miti hata kidogo, ili asiyeogopa wazee aogope faini.

Kusimamia pamoja

Mwaka 1968 mwanabiolojia Garrett Hardin alidai kwamba kitu cha wote lazima kiharibike, kwa kuwa kila mchungaji atapenda kuongeza ng'ombe mmoja zaidi, na kwamba dawa ni serikali au mali binafsi. Hoja hiyo ilipendwa sana na wenye mamlaka, kwa sababu inawapa wao kila kitu. Elinor Ostrom, ambaye mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alitumia miaka mingi kuwachunguza watu halisi, wakiwamo wavuvi, wafugaji wa milimani na wenye mifereji ya umwagiliaji, akakuta kwamba wengi wametunza mali ya pamoja kwa karne nyingi bila kuiharibu. Alichoeleza Hardin ni mali isiyo na mwenyewe wala kanuni. Mali ya pamoja inayodumu ina mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa na wanaoitumia, walinzi wanaowajibika kwa watumiaji, adhabu zinazoanza ndogo na kupanda taratibu, mahali pa karibu pa kusuluhisha ugomvi, na serikali inayotambua haki ya watu kujipangia.

Tanzania ilikuwa na mfano wake mapema. Katika miaka ya 1990 vijiji vilivyozunguka msitu wa Duru-Haitemba huko Babati vilikabidhiwa msitu ambao serikali ilikuwa ikijiandaa kuuchukua, na msitu ukapona. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zikaipa njia hiyo miguu ya kisheria. Kijiji chenye ardhi yake kinaweza kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, kikachagua kamati ya maliasili, kikaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kikazipitisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuzipeleka halmashauri ya wilaya ziidhinishwe. Faini na ada za mavuno hubaki kijijini. Sheria hizi zipo kwa Kiswahili na zinasomeka, na mjumbe yeyote wa kamati anapaswa kuwa amezisoma kabla hajainua mkono.

Sisi tulichagua njia hii, na sitaficha kwamba imetuchosha. Doria ni kazi ya bure, na mtu anayekwenda doria hapalilii shamba lake. Sheria ndogo zilikaa wilayani muda mrefu zikingoja sahihi, na katika kipindi hicho waliokamatwa na misumeno walitucheka. Kamati ya kwanza ilikuwa na wajumbe ambao hawakuwahi kusoma hesabu ya faini mbele ya mkutano, mpaka akina mama wawili waliposimama na kuidai. Njia ya pamoja haina malaika ndani yake. Tofauti niliyoiona ni kwamba kosa lilipotokea lilikuwa na mlango wa kusemewa, tena mlango wa karibu, na wenye makosa walikuwa watu tunaowajua kwa majina.

Kigingi kilichowekwa kwenye kinyungu

Jambo moja lilinifundisha zaidi ya mengine. Kabla ya sheria ndogo zetu kupita, ofisa mmoja alifika na futi kamba akapima mita 60 kutoka kwenye kijito, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kila ilipoishia kamba akasimika kigingi cha zege. Vinyungu vyote vikawa ndani ya mpaka. Bibi mmoja, ambaye nilikuwa nikimwamkia kamwene kila asubuhi nikienda kazini, aliniita nisimame kwenye tuta lake la maharage. Akaniambia, "Mwanangu, hiki kigingi chako kimekaa juu ya chakula cha wajukuu zangu. Huko juu mnakopanda mipaina mbona hamkupima?" Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa ameona kitu ambacho kamati nzima haikukiona: tulipima pale alipo maskini, tukaacha kupima pale alipo mwenye miti.

Sheria yenyewe, ukiisoma taratibu, inakataza ndani ya mita hizo shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya maji. Tuta la mkono linalolimwa kiangazi, lisilotumia dawa za kuulia wadudu na lisilokata mifereji ya kulikausha bonde, halilingani na kisima cha mashine wala na shamba la mikaratusi. Katika sheria zetu ndogo tuliandika tofauti hiyo kwa maneno: ukanda unaozunguka jicho la chemchemi haulimwi kabisa na umepandwa mivengi; chini yake vinyungu vinaruhusiwa kwa jembe la mkono tu; na mikaratusi haipandwi bondeni wala kwenye miteremko inayolisha chemchemi, awe mwenye shamba ni nani. Wilaya iliyaomba maelezo, tukayatoa, ikaidhinisha.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa maji ya Oktoba, kufunga na kusimamia pamoja vyote viwili hulinda vizuri ikiwa uwanda wa juu unaachwa kuwa nyasi. Mipaina juu ya chemchemi ndiyo inayoshindwa, hata ikipandwa kwa nia njema. Kwa viumbe adimu kama kipunji na okidi za Kitulo, kufunga kwa mamlaka ya taifa kuna nguvu ambayo kijiji hakina, kwani kamati ya wajumbe kumi na wawili haiwezi kupambana na mtandao wa biashara unaovuka mipaka. Kwa kipato cha haraka mipaina hushinda, na ni haki kulisema hilo. Miiko ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayotetereka zaidi pale watu wanapobadilika.

Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, iko katika kurekebisha makosa. Hifadhi ya taifa ikikosea mpaka, kuurudisha huhitaji mawaziri na miaka. Shamba la miti likikausha kijito, lazima usubiri mavuno, na hata ukishavuna visiki vya mikaratusi huchipua upya. Sheria ndogo ya kijiji ikikosea, mkutano ujao unaweza kuirekebisha. Hatujui ya kutosha kuhusu udongo wetu na mvua zinazobadilika, kwa hiyo naona ni busara kuchagua njia inayoturuhusu kukiri kosa mapema.

Kwa hiyo, kama kilima chenu kina kiumbe asiyepatikana kwingine, au kinafanyiwa biashara inayong'oa mizizi, iombeni serikali ikifunge, lakini kabla ya mpaka kuchorwa daini orodha ya kila kaya inayokitumia na fidia itakayolipwa. Kama mna ardhi iliyochoka, mbali na vyanzo vya maji, ambayo haina nyasi nzuri wala msitu, pandeni mipaina, mweke njia za kuzuia moto, na mkubaliane mapema umri wa kuvuna. Kama mna kichaka cha wazee, kiandikeni ndani ya sheria ndogo kwa jina lake la kienyeji. Na kwa kilima cha kawaida kama chetu, chenye nyasi juu, msitu katikati na vinyungu chini, chagueni kukisimamia pamoja, mkikigawa vipande na kila kipande mkakipa kanuni yake.

Kabla ya mkutano pandeni kilima hicho mwezi wa Oktoba, si mwezi wa Machi ambapo kila bonde lina maji, na muongozane na wale wanaolima vinyungu wenyewe, akina mama wakiwa wengi kuliko wajumbe. Pimeni mtiririko wa chemchemi kwa ndoo na saa, muandike ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika ngapi, na namba hiyo iingie kwenye muhtasari pamoja na idadi ya kaya zinazokula kutoka bondeni. Oktoba inayofuata mrudi na ndoo ileile.